Mashahidi wa Chini ya Jiwe

Katika miaka yote niliyofundisha biolojia, hapakuwa na somo lililowachekesha wanafunzi wangu kama lile la wadudu wa majini. Niliwaambia kwamba chini ya jiwe la mtoni mna wakazi, tena wenye ujirani na ugomvi wao, nao wakatazamana na kucheka. Kisha mmoja akanyoosha mkono na kuuliza swali ambalo kila mwaka halikukosa muulizaji: "Mwalimu, wana faida gani?" Samaki ana faida, analiwa. Ng'ombe ana faida. Hata mbu, kwa ubaya wake, anastahili kusomwa kwa kuwa anatuletea homa. Lakini kijidudu chenye mikia mitatu, kisichouma wala kuliwa, ambacho hata jina la Kiswahili hakina, tukisome kwa ajili ya nini?

Jibu langu limerefuka kadiri nilivyozeeka, lakini kiini chake ni kimoja. Kijidudu yule ni shahidi. Mto hautunzi habari zake juu ya maji. Maji yaliyopita saa nane za usiku, ifikapo asubuhi yako mbali, na yaliyo mbele yako ni mengine kabisa. Anayebaki pale pale ni mkazi wa chini ya jiwe, na chochote kilichopita usiku kilimpitia yeye.

Chukua beseni jeupe na chujio la chai, uingie katika kijito kisafi kinachoshuka kutoka milima kama ile ya Uluguru au Usambara. Geuza jiwe, lisugue kwa mkono juu ya chujio, kisha mwaga ulichopata katika beseni lenye maji kidogo. Tulia. Mwanzo utaona takataka tu, halafu takataka zitaanza kutembea. Yule mwenye mikia mitatu, ambaye wataalamu humweka katika kundi la efemeroptera, ana matamvua yaliyopangika ubavuni mwa tumbo kama majani membamba, naye huyapepea apate hewa. Atakaa majini wiki nyingi, pengine miezi, kisha atatoka na mabawa ili aishi siku moja au mbili, azae, afe. Jirani yake hujijengea nyumba ya chembe za mchanga, akizigandisha kwa uzi laini utokao kinywani, na kutembea nayo kama mtu aliyevaa pipa. Kuna watoto wa kereng'ende, walafi wasiomhurumia mtu. Kuna konokono, kuna ruba, kuna kaa wa mtoni ambaye hubeba watoto wake chini ya tumbo hadi wawe kaa wadogo kamili. Na penye matope utawakuta funza wekundu, watoto wa vijidudu vinavyofanana na mbu lakini visivyouma. Wekundu wao ni himoglobini, ile ile iliyo katika damu yetu, nayo huwawezesha kuishi penye hewa haba.

Wote hawa hawavumilii kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo elimu ilipo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani Kolkwitz na Marsson walikwisha kuonyesha kwamba ukijua nani anaishi katika mto unaweza kujua mto ule ni mchafu kiasi gani. Mto ukimwagiwa uchafu wa vyooni, wenye matamvua laini hutoweka, lakini funza na minyoo wekundu huongezeka mno, kwa kuwa chakula ni kingi na washindani wamekufa. Sumu ya kiwandani ina alama nyingine. Ikiwa kali, aina za wadudu hupungua na idadi yao hupungua pia. Hakuna anayefaidika. Beseni linabaki na maji na mchanga, na mtu asiyejua atasema, "Tazama, maji masafi, hayana hata mdudu."

Sumu hizi huuaje? Tuanze na ile tunayoifahamu. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anaujua mrututu, ule unga wa buluu wa shaba unaonyunyiziwa mibuni ili kuzuia magonjwa ya ukungu. Mrututu huo huo ulimwagwa kwa makusudi katika mifereji ya Misri na Sudan ili kuwaua konokono wanaoeneza kichocho. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukujua kwamba shaba huua wanyama wadogo wa majini. Tulikwisha kuifanya silaha. La ajabu ni kwamba kaa, kamba na konokono wengi wanaihitaji shaba. Damu yao hubebea hewa kwa shaba kama yetu inavyobebea kwa chuma, ndiyo maana damu ya kaa ina rangi ya buluu. Lakini shaba ikizidi katika maji huvamia matamvua, na chumvi ambayo mnyama huyu huivuta kwa taabu kutoka katika maji baridi huanza kumtoka. Hafi kwa kukosa hewa tu. Hufa kwa kuishiwa chumvi mwilini akiwa katikati ya maji. Na maji yasiyo na chokaa, kama ya vijito vingi vya milimani, humkinga kidogo kuliko maji magumu. Kipimo kile kile cha shaba kinaweza kuvumiliwa katika mto mmoja na kuua katika mwingine.

Dawa za kuua wadudu zina njia nyingine. Nyingi zilizotengenezwa kwa fosfati huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva. Neva ikishapiga haiachi kupiga. Mdudu hutetemeka, hupooza, huachia jiwe alilokuwa ameling'ang'ania, na mkondo humchukua. Kwa mkondo hakuna tofauti kati ya mdudu wa mahindi na mdudu wa mto.

Aidha, kuna madhara yasiyofika kwenye kifo, nayo kwangu ndiyo ya kutisha zaidi. Mdudu yu hai, lakini hali kama zamani. Yu hai, lakini mayai yake ni machache. Wale funza wekundu wanaokulia katika matope yenye madini mazito wamepatikana mara nyingi na meno yaliyopinda au kupungua. Ukihesabu waliokufa utasema hasara ni ndogo; uhai wenyewe umekwisha kupunguzwa bila kilio.

Wanasayansi wana mnyama wao wa kupimia mambo haya, naye ni Daphnia, kiroboto-maji, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye mwili unaopenya mwanga kiasi kwamba kwa hadubini ya shuleni unauona moyo wake ukipiga. Majike huzaa bila madume, hivyo ukoo mzima hufanana, na hilo hurahisisha kulinganisha. Mwaka 1944 Mmarekani Bertil Anderson alichapisha vipimo vya vitu vingi vipatikanavyo katika maji machafu ya viwanda, akimtumia mnyama huyu kama mizani. Leo utaratibu unajulikana dunia nzima: huchukuliwa watoto wasiotimiza saa 24 tangu kuzaliwa, huwekwa katika sumu ya viwango mbalimbali, na baada ya saa 48 huhesabiwa walioacha kuogelea. Hawahesabiwi waliokufa, kwa sababu kifo cha kiumbe mdogo hivi ni kigumu kukithibitisha. Huulizwa tu kama bado anajimudu. Nimewahi kufikiri kwamba hata sisi binadamu ingefaa tuulizwe swali hilo mapema, kabla ya lile la mwisho.

Lakini maabara ni chumba tulivu chenye sumu moja kwa wakati mmoja. Mtoni sumu huja kwa makundi. Funzo kubwa la jambo hili lilitolewa Ulaya, katika mto Rhine. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kampuni ya Sandoz lililokuwa Schweizerhalle, karibu na mji wa Basel nchini Uswisi, liliwaka moto. Ndani yake mlikuwa na takriban tani 1,350 za kemikali, nyingi zikiwa dawa za kuua wadudu za namna ile ya fosfati, pamoja na dawa zenye zebaki na rangi nyekundu. Wazima moto walifanya kazi yao, na maji waliyomwagia moto yakaifanya kazi yake: yaliteremka mtoni yakiwa yamebeba tani kadhaa za sumu. Mto ukawa mwekundu. Mikunga wapatao 150,000 walikufa katika urefu wa kilomita 400 hivi, na miji ya Ujerumani na Uholanzi ikafunga mabomba yake ya kuchotea maji mtoni.

Magazeti yaliandika habari za mikunga, kwa kuwa mkunga mfu anaonekana. Chini, katika mawe, walikufa pia wale tusiowaandika, tena sumu iliyoteremka ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kuua jamaa zao hasa. Mambo mawili yaliyofuata yanastahili kukumbukwa kuliko picha za ule mto mwekundu.

La kwanza, watu walipoanza kuuchunguza mto kila siku kwa sababu ya moto ule, waligundua kwamba viwanda vingine vya kando ya Rhine navyo vilivujisha kemikali zake katika wiki zizo hizo. Havikuungua. Vilikuwa vikifanya kazi kama kawaida, ila safari hii palikuwa na macho. La pili, uhai ulirudi mapema kuliko ilivyohofiwa. Ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi wengi wa wakazi wa chini walikuwa wamekwisha kuonekana tena. Walitoka wapi? Walitoka juu ya Schweizerhalle, ambako sumu haikufika, na katika mito midogo inayoingia Rhine. Waliteremka na mkondo au walipaa kwa mabawa na kuja kutaga. Mwaka 1987 nchi za Rhine ziliafikiana mpango wa kuusafisha mto, na shabaha waliyoiweka ilikuwa mnyama, si namba: samaki samoni awe amerudi ifikapo mwaka 2000.

Sasa turudi kwetu. Mito yetu iliyo kando ya viwanda aghalabu haipati moto wa kutangazwa duniani. Inachopata ni bomba linalofunguliwa usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilifundisha shule moja iliyokuwa jirani na kijito chenye kiwanda. Chini ya kiwanda wenyeji walilima mchicha na kumwagilia kwa ndoo. Bibi mmoja, ambaye matuta yake yalikuwa ya kwanza kupokea maji, alilalamika kwamba alfajiri maji huja na rangi na mikono humwasha. Malalamiko yalifika ofisini, na ofisi, kusema haki, ilituma mtu. Alikuja saa nne asubuhi, akajaza chupa mbili, akaondoka. Baada ya muda jibu likaja kwamba maji yamo katika viwango vinavyokubalika.

Nilimkuta bibi yule akipalilia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umesikia majibu? Wale mabwana walikuja saa nne. Mimi maji yale nayaona kabla ya adhana ya alfajiri. Wangelala hapa kwangu, ningewapa mkeka."

Naamini chupa ile haikusema uongo. Iliulizwa habari za saa nne, ikajibu habari za saa nne.

Basi nikawachukua wanafunzi wa kidato cha tatu na mabeseni yao. Tulipima sehemu tatu: juu ya kiwanda, chini yake kidogo, na mbali zaidi kuelekea bondeni. Kila sehemu tulitumia muda ule ule na machujio yale yale, tukachagua mahali penye mawe na mkondo unaofanana. Orodha ya juu ilijaza ukurasa mzima wa daftari. Ya chini ya kiwanda ilikuwa mistari miwili. Ya bondeni ilikuwa mistari michache, yote ya wavumilivu. Wanafunzi waliokuwa wakicheka darasani hawakucheka. Mmoja wao aliokota vijumba vya mchanga vitupu, akaniletea kiganjani. "Mwalimu, nyumba zipo, wenyewe hawapo." Nilimweleza kwamba nyumba tupu peke yake si ushahidi, maana mdudu akikua huihama. Lakini nyumba tupu pasipo hata moja yenye mkazi, mahali ambapo hatua mia tano tu juu yake wakazi wamejaa, ni jambo la kuulizia.

Orodha zetu tulizipeleka ofisini. Afisa aliyetupokea alikuwa muungwana. Alizisoma, akazikunja vizuri, akanirudishia. "Mwalimu," alisema, "mahakamani hatupeleki wadudu." Na bibi akaendelea kumwagilia, kwa kuwa hakuwa na shamba lingine wala riziki nyingine, na mchicha ule ukaendelea kuuzwa sokoni, tukaula.

Sipendi kudai zaidi ya kile ninachoweza kukisimamia. Wadudu kutoweka hakutaji jina la sumu, na wala hakumtaji aliyeimwaga. Matope ya mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni yanaweza kuwafukia, kiangazi kinaweza kuwakausha, vyoo vinaweza kuwanyima hewa. Ndiyo maana lazima ulinganishe juu na chini, mvua na kiangazi, na lazima chupa iwepo pia. Mdudu atakwambia kwamba kuna jambo lililotokea, na takriban mahali lilipotokea. Chupa, ikichotwa kwa wakati wake, itakwambia jambo lenyewe ni nini. Ninachokataa ni kumsikiliza mmoja na kumfukuza mwenzake. Wenzetu wengine wamekwisha kuacha kuona haya. Baada ya balaa la Rhine, vituo vya kuuangalia mto huo vilitumia viroboto-maji na kome walio hai kama walinzi. Na jiji la Warsaw nchini Poland hulindiwa maji yake na kome wanane waliogandishiwa vipima-mwendo kwenye magamba: wakijifunga ghafla, mitambo hujua kuna hatari.

Nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tunayo, na kanuni za viwango vya ubora wa maji zilitungwa mwaka 2007. Mwaka 2015 watafiti walichapisha TARISS, utaratibu wa kuipa alama mito ya Tanzania kwa kuangalia jamii za wadudu wake, uliojengwa juu ya mfano wa Afrika Kusini. Yaani lile beseni jeupe sasa lina kanuni zake na hesabu zake, na haliwezi tena kuitwa mchezo wa watoto wa shule. Na jambo lenyewe si la wenye mchicha peke yao. Ngerengere hupita Morogoro, mji wenye viwanda, kisha huungana na Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Kinachompitia mdudu wa juu kimo safarini kuelekea kwetu, hata kama njiani kinachanganyika na kupungua.

Kiwanda cha kijito chetu kilifungwa baadaye, kama vingine vingi vya wakati ule, kwa sababu ya hasara wala si kwa sababu ya sumu. Baada ya misimu ya mvua miwili hivi, wenye mikia mitatu walikuwa wamerudi chini ya mawe, na wajenzi wa mchanga pia. Wana mabawa utu uzimani, na walikuwa na ndugu juu. Konokono na kaa, wasio na mabawa, walichelewa sana. Lakini kama pale juu msitu ungekuwa umekatwa na chemchemi kuwa tope, ndugu wa kurudi wangetoka wapi? Rhine ilipona kwa sababu palikuwa na mahali ambapo haikuumwa. Mto uliotiwa sumu chini na kunyang'anywa vijito vyake juu hauna wa kuurithi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha mtoni kina tabu moja: hakisikiki ila na aliyewahi kusikia kelele zilizokuwapo. Shahidi wetu hahongwi na hatishwi, lakini anaweza kuuawa kabla hajaitwa, na hapo ushahidi uliobaki ni kutokuwapo kwake. Kutokuwapo huko hakuna thamani kama hakuna mtu aliyemhesabu alipokuwa hai. Wanafunzi wangu tungalipeleka orodha ya chini ya kiwanda peke yake, ingekuwa karatasi ya mistari miwili tu. Orodha ya juu ndiyo iliyoifanya iseme.

Kwa hiyo kazi ni kuhesabu mapema, katika vijito ambavyo bado ni vizima, ambavyo hakuna anayevilalamikia. Kila shule iliyo karibu na mto inaweza. Beseni, chujio, daftari, na tarehe iandikwe juu ya kila ukurasa kwa wino usiofutika na maji.